Akiba Inayoliwa na Jirani

Mmea una tatizo ambalo mnyama hana: hauwezi kula bila kupoteza maji.

Geuza jani la mgunga, au la mwembe, au la kichaka chochote kando ya njia. Upande wa chini kuna maelfu ya vitundu ambavyo macho matupu hayavioni. Wanabiolojia huviita stomata. Kila kitundu kimekingwa na seli mbili zilizokaa kama midomo. Seli hizo zikijaa maji hujipinda na kuacha mwanya katikati. Zikinywea, midomo inafumba. Kupitia mwanya huo ndimo inamoingia hewa ukaa, malighafi ya sukari yote ambayo jani hutengeneza kwa nguvu ya jua. Lakini ndani ya jani ni majimaji na nje ni kukavu, kwa hiyo mlango ukifunguliwa ili chakula kiingie, mvuke nao unatoka bila kusubiri ruhusa. Katika mimea mingi, kunasa molekuli moja ya hewa ukaa hugharimu molekuli 400 hadi 500 za maji. Mchuuzi wa sokoni angeikataa bei hiyo papo hapo. Mmea hauna soko jingine.

Kwa karne mbili sasa bei hiyo imekuwa ikishuka. Kabla ya viwanda kuanza kuchoma makaa ya mawe, kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwa na sehemu kama 280 za hewa ukaa. Mwaka 1958, Charles David Keeling alipoanza kuipima juu ya mlima wa Mauna Loa, Hawaii, ilikuwa imefika 315. Mwaka 2024 wastani wa mwaka mzima ulikuwa umepita 420. Hilo ni ongezeko la nusu ya kile kilichokuwapo mwanzo. Jani la leo likifungua mlango kidogo tu linapata kile ambacho jani la enzi za Seyyid Said lilikipata kwa kuuacha wazi.

Kutokana na ukweli huu limezaliwa dai ambalo bila shaka umelisikia, kwamba hewa ukaa ni chakula cha mimea, kwa hiyo kadiri tunavyoiongeza ndivyo pori litakavyostahimili ukame. Siwezi kulitupa dai hili lote, maana nusu yake ni kweli. Jani linaokoa maji, na jambo hilo limepimwa tena na tena. Wahenga walisema akiba haiozi. Tatizo ni kwamba mmea wa porini hauna ghala lake binafsi. Akiba yake imewekwa kwenye udongo, na udongo una mizizi ya watu wengi.

Ushahidi wa kwanza kwamba mimea ilikuwa imeanza kubana matumizi ulipatikana kabatini. Mwaka 1987 mwanabotania Ian Woodward alichunguza majani makavu yaliyotunzwa katika hifadhi ya mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Hifadhi za namna hiyo ni makabati ya matawi yaliyochumwa na watu ambao wengine walikwisha kufa zamani sana, yakabanwa kati ya karatasi, yakaandikwa tarehe na mahali yalipotoka. Woodward alichagua aina 8 za miti ya Uingereza, akahesabu stomata kwa hadubini, jani baada ya jani, kuanzia ya zamani hadi ya wakati wake. Katika miaka 200, idadi ya vitundu katika kila kipande cha jani ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 40. Kisha akakuza mimea katika vyumba vyenye hewa ukaa ya kiwango cha zamani, nayo ikaotesha majani yenye vitundu vingi. Hapakuhitajika mtambo wa mamilioni. Ushahidi ulikuwa umebandikwa kwa gundi miaka yote hiyo, ukisubiri mtu mwenye subira ya kuhesabu.

Si kila mmea unapunguza idadi ya vitundu. Mingine hubaki na vitundu vilevile ila huvifumba zaidi, na hilo hutokea ndani ya dakika chache: hewa ukaa ikizidi ndani ya jani, chumvi za potasiamu hutoka kwenye zile seli mbili, maji yanazifuata, na midomo inasogea karibu. Ni mashine ileile ambayo mmea huitumia kiangazi. Wakati huo mizizi na majani yenye kiu hutoa homoni iitwayo asidi abisisiki, ambayo huamrisha milango ifungwe. Hewa ukaa na ukame, kwa maneno mengine, vinagonga mlango mmoja. Majaribio yaliyofanywa uwanjani yanaonyesha kwamba hewa ukaa ikipandishwa hadi kati ya sehemu 550 na 600, mlango hufumba kwa wastani wa asilimia 20 hivi.

Asilimia 20 ya maji si kitu kidogo mahali ambapo mvua inahesabiwa kwa vidole. Ndiyo maana wanasayansi waliokuwa wakikuza mimea kwenye vyungu miaka ya 1980 walikuwa na matumaini makubwa. Ukiweka mche mmoja kwenye chungu kimoja, ukamwagilia, ukauacha ukauke, wenye hewa ukaa nyingi huchukua siku zaidi kabla ya kunyauka. Hesabu inakubali, na gazeti linapata kichwa cha habari.

Chungu, hata hivyo, ni shamba la mtu mmoja. Mkulima naye hung'oa magugu, hutia mbolea, hupanda kwa mistari, na kila mhindi una nafasi yake. Porini hakuna anayepalilia. Mmea unaojinyima maji leo hauna hakika ya kuyakuta kesho, kwa sababu usiku huohuo jirani mwenye mizizi mirefu anaweza kuwa ameyanywa. Na hata usiponyang'anywa, una kishawishi cha kuyatumia wenyewe: sukari ikiwa nyingi, unaongeza majani, na majani mengi yenye milango nusu wazi yanaweza kutoa mvuke sawa na majani machache yenye milango wazi kabisa. Ni kama mtu aliyenunua pikipiki isiyokula mafuta, kisha akaanza kwenda mjini mara mbili kwa siku.

Ili kujua kinachotokea kweli, ilibidi hewa ukaa ipelekwe porini. Mtambo wake ni rahisi kuueleza na ghali kuuendesha: mabomba yanapangwa duara kuzunguka kipande cha pori, bila kioo wala paa, na kompyuta inayosoma mwelekeo wa upepo inaamua bomba lipi lipulize hewa ukaa. Mvua inanyesha kama kawaida, wadudu wanaingia, panya wanapita. Mtambo wa namna hiyo uliwekwa mwaka 1997 katika jangwa la Mojave, jimbo la Nevada, Marekani, ndani ya eneo ambalo serikali ilikuwa ikijaribia mabomu ya nyuklia. Kwa mtafiti wa mimea hilo lilikuwa na faida yake: hakuna mtu aliyekuwa akipita na ng'ombe.

Jangwa lilichaguliwa kwa sababu nadharia ilisema kwamba hapo ndipo faida itakapoonekana kuliko kote. Mvua ya Mojave haifiki milimita 150 kwa mwaka kwa wastani. Kama kuokoa maji kuna maana popote, basi hapo. Mwaka 1998 ukaja na El Niño na mvua zisizo za kawaida, ileile tunayoikumbuka huku kwetu kwa mafuriko na madaraja yaliyosombwa. Vichaka vya jangwa vilivyopuliziwa hewa ukaa vilitoa machipukizi maradufu ya vile ambavyo havikupuliziwa. Watafiti walikuwa na sababu ya kufurahi.

Mwaka uliofuata ulikuwa mkavu, na tofauti ikatoweka. Mimea iliyopata hewa ukaa zaidi na ile isiyopata ilikaa vilevile, majani machache, imejikunyata, inasubiri. Ukitafakari utaona kwa nini. Kuokoa asilimia 20 ya kitu kunahitaji kitu hicho kiwepo. Mtu hawezi kubana matumizi ya mshahara usioingia.

Matokeo ya 1998 yalikuwa na sehemu ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye uzito. Kati ya vichaka vya Mojave huota nyasi ya msimu mmoja iliyotoka maeneo ya Bahari ya Mediterania, inayoitwa Bromus kwa jina la kisayansi. Ni mgeni, tena mgeni asiye na adabu. Katika ule mwaka wa mvua, nyasi hiyo ilifaidika na hewa ukaa kuliko mimea midogo ya msimu iliyo wenyeji wa jangwa: ikanenepa zaidi, ikatoa mbegu nyingi zaidi. Kisha ikafa na kukauka, kama kawaida yake, ikabaki nyasi kavu iliyojaza nafasi zilizokuwa wazi kati ya kichaka na kichaka. Zamani moto wa radi katika Mojave ulikosa pa kupita, maana kati ya kichaka kimoja na kingine palikuwa mchanga mtupu. Nyasi ngeni imejenga daraja. Vichaka vya jangwa, ambavyo vingine huishi mamia ya miaka, havikuumbwa kwa moto. Kwa hiyo mmea ambao ungeweza kuvumilia ukame unaweza kufa kwa kibiriti kilichotengenezwa na maji ya mwaka wa neema.

Mtambo ule ulizimwa baada ya miaka 10. Watafiti walikata na kuchimba mimea ya kudumu, shina na mizizi, wakapima. Uzito wa vichaka haukuwa umezidi kwa sababu ya hewa ukaa. Ndani ya udongo kulikuwa na kaboni zaidi, dalili kwamba sukari ya ziada ilipita kwenye mizizi na kuishia kwa vijidudu. Jirani mwingine huyo, mdogo kuliko wote, naye alikuwa amekula.

Nisije nikaonekana nimechagua mfano wa huzuni tu. Kaskazini zaidi, karibu na mji wa Cheyenne katika jimbo la Wyoming, jaribio jingine lilifanya jambo ambalo Mojave haikufanya: liliongeza hewa ukaa na joto pamoja, kama vinavyokuja duniani. Mbuga ile ya nyasi ilipewa hewa ukaa ya sehemu 600, na taa za joto zikaongeza nyuzi 1.5 mchana na nyuzi 3 usiku. Joto peke yake lilikausha udongo. Hewa ukaa peke yake iliuacha na unyevu. Vilipowekwa pamoja, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba vilifutana, na unyevu wa udongo ukawa kama wa kipande cha pori ambacho hakijaguswa. Kwa hiyo akiba ya maji ni kitu halisi, inaonekana udongoni. Ila kabla haijamnufaisha yeyote, ilikuwa imekwisha kulipa deni la joto.

Sasa turudi kwetu, ambako jambo hili lina meno zaidi.

Karibu nyasi zote za mbuga zetu za nyanda za chini, kuanzia Tsavo hadi Serengeti hadi nyika za Dodoma, zinatumia ufundi wa usanisinuru ambao wataalamu huuita C4. Ili uelewe ufundi huo ni lazima umjue Rubisko, kimeng'enya kinachonasa hewa ukaa ndani ya jani. Rubisko ni mfanyakazi muhimu kuliko wote na pia mzembe kuliko wote: mara kwa mara, hasa kukiwa na joto, hukamata oksijeni badala ya hewa ukaa, na mmea unaingia gharama ya kurekebisha kosa. Nyasi za C4 zilibuni pampu. Zinaikusanya kwanza hewa ukaa, kisha zinaisukuma kwa wingi mpaka pale Rubisko alipo, hata asipate nafasi ya kukosea. Mtama una pampu hiyo, mahindi na miwa pia. Miti ya mbuga haina. Mgunga, mkwaju, mbuyu, mpingo, yote inamtegemea Rubisko alivyo, na makosa yake.

Pampu hiyo ni mali kubwa hewa ukaa inapokuwa adimu. Miaka 20,000 hivi iliyopita, katika kilele cha zama za barafu, hewa ilikuwa na sehemu 180 hadi 190 tu. Miti ilikuwa na njaa. Kumbukumbu ya njaa hiyo imelala chini ya maziwa ya Mlima Kenya na Mlima Elgon. Mwaka 1997 watafiti walichapisha uchunguzi wa matope ya maziwa hayo, wakisoma aina za kaboni zilizohifadhiwa katika nta ya majani ya kale. Waligundua kwamba katika zama za barafu sehemu ambazo leo ni msitu zilikuwa na mimea mingi yenye uwezo wa kukusanya hewa ukaa, zikiwemo nyasi za C4. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba msitu wa mlimani ulikuwa umerudi nyuma kwa sababu ya baridi na ukavu peke yake. Matope yalisema kwamba hewa yenyewe ilichangia. Kwa miti, hewa ukaa kidogo ni aina ya ukame: ili ipate chakula kilekile ni lazima ifungue milango zaidi, na maji yanakwisha.

Basi geuza hoja hiyo. Kama hewa ukaa kidogo iliinyima miti nafasi, nyingi itafanya nini? Swali hilo liliulizwa mwaka 2000 na wanaikolojia wawili wa Afrika Kusini, William Bond na Guy Midgley, na jibu lao limebadilisha namna watu wanavyoitazama savana.

Walianzia kwenye moto. Mche wa mgunga mbugani huishi maisha ya kuonewa. Unaota, unafika magotini, moto wa kiangazi unapita na kuukata hadi chini. Unachipua tena kutoka kwenye mizizi kwa wanga uliohifadhi, unafika kiunoni, moto unarudi. Miche mingine hukaa hivyo miaka mingi, ikionekana kama vijiti vya mwaka jana huku mizizi yake ni mizee. Ili uwe mti, ni lazima mwaka mmoja ukue haraka hata kichwa kiwe juu ya ndimi za moto, mita 3 hivi. Kinachoamua ni kiasi cha wanga kilicho mizizini. Bond na Midgley wakasema: hewa ukaa ikiongezeka, mche unajaza ghala lake haraka zaidi, na siku moja mtego wa moto hauukamati tena.

Baadaye wao na mwenzao Barney Kgope wakakuza miche ya migunga ya aina mbili, mmojawapo Acacia nilotica ambao upo kwetu pia, katika hewa za viwango mbalimbali, kutoka ule wa zama za barafu hadi sehemu 1,000. Miche ya hewa ya zama za barafu ilikuwa dhaifu, mizizi yake haba. Kupanda kutoka hapo hadi hewa ya siku hizi kulileta mruko mkubwa wa ukuaji. Kupanda zaidi ya hapo hakukuongeza sana. Nataka msomaji alisome hilo mara mbili, maana watu wengi wanalikosa: kwa migunga hii, sehemu kubwa ya karamu imekwisha kuliwa. Mabadiliko tunayoyasubiri yalianza wakati wa mababu zetu.

Hiyo ni hadithi ya chakula. Hadithi ya maji inakwenda sambamba nayo, na ndiyo iliyonipa jina la sura hii. Pampu ya C4 inafanya nyasi zisifaidike sana na hewa ukaa kama chakula, maana tayari zilikuwa zinashiba. Lakini nazo zina stomata, nazo hufumba. Nyasi inayofumba mlango inakunywa polepole, na mvua inayonyesha inapata muda wa kuzama chini ya mizizi yake mifupi. Huko chini inasubiri mizizi ya mgunga. Zilizojinyima ni nyasi. Aliyeshiba ni mgunga. Kiangazi kikifika, nyasi zinakuwa njano kama kawaida, na mti wenye akiba ya jirani unabaki na majani wiki kadhaa zaidi.

Je, tunaona hilo likitokea? Kuna viwanja vya majaribio Afrika Kusini, vikiwemo vya Hifadhi ya Taifa ya Kruger, ambako uchomaji umefanywa kwa ratiba ileile tangu miaka ya 1950. Hilo ni jambo adimu, kwa sababu moto ukiwa haukubadilishwa, huwezi kuusingizia. Uchambuzi wa viwanja hivyo uliotoka mwaka 2012 ulikuta kwamba katika savana zenye mvua nyingi kiasi miti imeongezeka sana, na waandishi wake wakaitaja hewa ukaa kama mshukiwa mkuu. Katika savana kavu zaidi hawakukuta ongezeko la namna hiyo. Mojave ilikwisha kutuambia sababu.

Serengeti, kwa upande wake, ni onyo kwa wanaopenda mshukiwa mmoja. Huko pia miti iliongezeka katika karne iliyopita. Lakini sotoka, iliyoua ng'ombe na nyumbu tangu miaka ya 1890, ilitoweka kwa nyumbu miaka ya 1960 baada ya ng'ombe wa pembezoni kuchanjwa. Nyumbu waliokuwa kama 250,000 wakafika milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Midomo yote hiyo ilikula nyasi ambazo zingeungua. Moto ukapungua, miche ikaponyoka. Tembo nao waliuawa na majangili, na mti usiovunjwa na tembo unakua. Anayeitazama picha ya angani ya Serengeti na kusema hewa ukaa ndiyo imefanya yote amesahau sindano ya daktari wa mifugo.

Hivyohivyo na mathenge. Mti huu wa Amerika, Prosopis juliflora, uliletwa Kenya kwa nia njema, na Baringo ulipandwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Ukakimbia. Watu wa huko waliishtaki serikali, na mwaka 2006 wakampeleka mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake matamu. Mathenge umefika ulipo kwa mikono ya watu, kwato za mifugo na mafuriko, na ungefika hata hewa isingebadilika. Lakini utazame umbile lake: hauna pampu ya C4, kwa hiyo hewa ukaa inaulisha, mizizi yake inakwenda chini kuliko ya nyasi yoyote, na unajitengenezea naitrojeni. Ukitaka kuchora mmea ulioumbwa kula akiba ya jirani, utachora huo.

Hilo la naitrojeni linastahili neno, ingawa nitalipitia haraka. Sukari peke yake haijengi mmea. Karibu na Sydney, Australia, msitu wa mikaratusi mikubwa ulipopuliziwa hewa ukaa, ulinasa kaboni zaidi kwa asilimia 12 lakini miti haikukua zaidi. Udongo wake una fosforasi haba, na kaboni ya ziada ilirudi hewani kupitia udongo. Na katika jimbo la Minnesota, jaribio la miaka 20 lilionyesha jambo ambalo hakuna aliyelitabiri: kwa miaka 12 ya kwanza nyasi zisizo na pampu ndizo zilizofaidika, kama vitabu vinavyosema, kisha mambo yakageuka na nyasi za C4 zikachukua uongozi, kwa sababu upatikanaji wa naitrojeni ulibadilika taratibu chini yao. Jaribio la miaka 3 lingetupa jibu kinyume. Kila nikisoma utabiri uliojengwa juu ya msimu mmoja wa vyungu, naikumbuka Minnesota.

Limebaki la mwisho, nalo ndilo linaloua. Hewa ukaa haiji peke yake, inaleta joto. Kila nyuzi moja inayoongezeka huifanya hewa iweze kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na kama mvuke huo haupatikani baharini, hewa inaunyonya kutoka kwenye majani na udongo. Jani lililofumba mlango ili kuokoa maji limejinyima pia jasho linalolipoza, kwa hiyo linapata moto zaidi. Mti unaokufa kwa ukame hufa kwa njia mbili, mara nyingi kwa pamoja. Kwanza ni njaa: milango imefungwa muda mrefu hata wanga umekwisha. Pili ni kiu: maji yanavutwa kwa nguvu mno ndani ya mishipa ya mti hata uzi wake unakatika, na mapovu ya hewa yanaziba njia. Hewa ukaa ya ziada inaweza kuusaidia mti kwenye njaa. Kwenye kiu, mapovu yakishaingia, haina dawa.

Kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu 5 ya mvua mfululizo ilishindwa kaskazini na mashariki mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Mwaka 2022 hewa juu ya Mauna Loa ilikuwa na wastani wa sehemu 418, kiwango ambacho mwanadamu hakuwahi kukivuta tangu awepo. Mimea ya Samburu na Marsabit ilikuwa na hewa ukaa tele. Mwaka huohuo, kati ya Februari na Oktoba, Kenya ilihesabu tembo 205 waliokufa kwa ukame.

Watafiti wa Australia, wakitumia picha za setilaiti, walikadiria kwamba kati ya 1982 na 2010 eneo lililofunikwa na majani katika nchi kavu zenye joto liliongezeka kwa asilimia 11 kwa sababu ya hewa ukaa, baada ya kuondoa athari za mvua. Nakiamini kipimo hicho. Ila setilaiti inayoona kijani haiulizi kijani cha nani. Siku ukionyeshwa ramani hiyo kwenye semina, kabla ya kupiga makofi mwulize mtoa mada ni kiasi gani cha rangi ile ni nyasi na kiasi gani ni miiba. Mbuzi na ngamia wanaweza kuishi kwa miiba. Ng'ombe na nyumbu hawawezi.